Kamera ya Dirisha la Bibi

Novemba 2017 nilibeba Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na kamera yake ndogo ya megapikseli 8 hadi kwa bibi, mtaa wa Rau mjini Moshi. Dirisha lake la kaskazini linautazama Mlima Kilimanjaro bila nguzo wala paa la jirani kuingilia. Nilitaka picha ya Kibo, kilele chake kirefu zaidi, kila baada ya dakika 5, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi nikiwa nimelala kwangu, mtaa wa Pasua.

Kamera yenyewe ilinitoa jasho. Kila nikiiuliza kompyuta, inajibu haioni kamera. Nikafungua, nikafunga, nikalaumu duka. Kumbe ule utepe wa kuunganisha kamera niliuchomeka kinyume. Upande wenye buluu ulitakiwa uelekee tundu la waya wa intaneti. Nikaugeuza, picha ikatoka.

Kwenye ratiba niliandika 5:30, nikijisifu moyoni kwamba sikusahau tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na ya kompyuta. Nikaiunganisha na simu ili ipate saa, nikaaga.

Niliporudi baada ya siku nne, kadi ilikuwa imejaa mawingu. Siku zote nne, mawingu! Ncha ya Mawenzi, kilele cha pili, ilijitokeza mara moja tu. Nikamwambia bibi huenda ni hizi mvua za vuli.

"Mvua gani? Jana na juzi mlima umeamka mweupe, nimeuona nikienda kuswaki. Hako kadude kako kanaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, bibi."

Akasogeza laptopu karibu, miwani puani. Hakuangalia mlima. Aliangalia pembe ya chini ya picha, kule njiani, palipokuwa na baiskeli na madumu mawili.

"Huyu wa maziwa hapiti hapa kabla ya saa mbili. Hata siku moja."

Nikafungua terminali, pale pa kuandikia kompyuta amri, nikaandika date, amri ya kuuliza saa. Kwenye mstari wa jibu zikasimama herufi tatu: UTC. Kompyuta ilikuwa inafuata saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Ile 5:30 yangu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi ya Rau, na kufikia wakati huo Kibo keshajifunika shuka.

Nikaweka majira ya Dar es Salaam, nikalala hapo hapo kwa bibi.

Asubuhi picha za mwanzo zilikuwa giza tupu. Ya saba, ya saa kumi na mbili kamili, migomba bado myeusi lakini theluji juu imeshapata jua, ina rangi ya waridi. Nikamwita bibi. Akaitazama kidogo, kisha macho yakashuka kwenye ile pembe.

"Na wa maziwa yuko wapi?"

"Bado amelala, bibi."

"Haya, sasa sawa."