Kadi za mashine ya kufulia zilivyonitoa jasho wiki mbili

Mama mmoja wa Njiro, Arusha, anayepangisha wanafunzi aliniletea boksi la kadi za mashine zake za kufulia, mashine za mtumba; kadi zile za plastiki zenye chipu, unazochomeka kwenye mashine. "Fundi, hebu nitengee nzima na mbovu." Nikamwambia aje kesho jioni. Kesho hiyo ilichukua wiki mbili.

Wa kulaumiwa ni chalii wa kibanda cha pili hapa Kaloleni, yule anayejua kila kitu. "Aisee, kadi ni kadi tu. Fanya kama laini ya simu, weka mwendo wa 9600, biti kwa sekunde, itaongea yenyewe." Laini ya simu kweli huongea yenyewe, ina akili yake: unaipa mapigo ya saa mamilioni kwa sekunde, inahesabu 372, ndipo inatoa biti moja, yaani 0 au 1. Hizi za mama zilikuwa SLE4442, baiti 256 za kumbukumbu na basi. Pigo moja, biti moja. Usipopiga, haisemi kitu hata ukeshe. Nami nilikesha, siku tatu, nikisubiri salamu.

Nikaunga upya kwenye Arduino, kale kabodi kadogo unakokaandikia programu: umeme, ardhi, riseti (waya wa kuianzisha kadi upya), saa (waya wa mapigo), data. Usisahau rezista ya 10k, yaani ohm elfu kumi, kutoka waya wa data kwenda 5V. Kadi inajua kuuvuta waya chini tu, kuupandisha ni juu yako.

Sasa ujanja wangu, na hapa naomba nijisifu. Niliandika programu inayotoa pigo moja kila nikibonyeza kitufe cha kompyuta. Maelezo ya kiwanda yanataka kati ya 7 na 50 kHz, yaani mapigo elfu 7 hadi elfu 50 kwa sekunde, lakini kwa kusoma tu zangu zilivumilia mwendo wa kinyonga. Nabonyeza, natazama data, naandika 0 au 1 kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Riseti juu, pigo moja, riseti chini, halafu biti 32 za jibu.

Aina hii hujibu A2 13 10 91, baiti nne za biti nane nane, zilizoandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16). Mimi baiti ya kwanza nikapata D1. Kadi ya pili, D1. Ya tatu, D1! Nikamtangazia chalii kwamba nimekutana na toleo jipya. Usiku umeme ukakatika, nikabaki na tochi ya simu na daftari, ndipo nikaona aibu yangu: biti ya kwanza haingoji pigo. Inajitokeza palepale riseti inaposhuka, nami nilikuwa napiga kwanza ndipo nasoma, naimeza. Nikairudisha ile 0 mwanzoni: 0 1 0 0 0 1 0 1. Kadi huanza na biti ndogo, kwa hiyo unaisoma kinyumenyume. A2. Nilipiga kelele hadi mke wangu akadhani nimeshinda mkeka.

Kusoma zilizobaki kulikuwa kazi ya mchana mmoja. Data ikishuka saa ikiwa juu, kadi inajua amri inaanza. Ikipanda saa ikiwa juu, imekwisha. Amri ya kusoma ni 30, nayo ni ya heksadesimali, kisha anwani, kisha baiti yoyote ya kujazia.

Chalii hakuchoka. "Namba ya siri ya kiwandani ni FFFFFF, jaribu." Nikajaribu, ikakataa. Nikajaribu mbili za kubuni. Kumbe kadi ina nafasi tatu tu, zikiisha haiandikiki tena maisha yake yote. Na kusoma hakuhitaji namba ya siri hata kidogo! Sijui kiherehere kilitoka wapi.

Nyingi zilikuwa nzima. Saba hivi zilinyamaza, nikazisugua kwa kifutio cha penseli kwenye dhahabu ile, nne zikafufuka. Mama alinipa kama elfu arobaini, nami nikamlipa ile moja niliyoiua. Kadi hiyo ni ngumu kuliko za vocha, ndiyo ninayofungulia mifuniko ya simu siku hizi.