Kilomita 14 za mlimani

Ndiyo kwanza nimevua viatu. Magoti yote mawili yana udongo, la kulia lina na damu kidogo.

Mimi ni mkimbiaji wa barabarani, tambarare. Kilomita 14 kwangu ni saa moja na nusu hivi, bila presha. Leo alfajiri nikajipeleka milimani, kwenye vile vijia vya miguu vinavyokatiza mashamba hadi msituni. Umbali ule ule. Ukanichukua muda wa karibu saa tatu!

Nilikuwa nimehesabu kilomita tu. Mita 800 za kupanda sikuzipigia hesabu kabisa.

Kupanda nilimudu. Nilipoacha ubishi nikatembea, mikono juu ya mapaja, wala sikupitwa na mtu (hakukuwa na mtu, lakini mnanielewa).

Kushuka ndiko kulikonimaliza. Mapaja ndiyo breki, na mimi natupa hatua ndefu utadhani niko kwenye lami. Kwenye kona moja palikuwa na mzizi uliolowa umande, umesuguliwa na nyayo mpaka unang'aa kama mpini wa jembe kuukuu. Niliuona. Nikaukanyaga vile vile.

Pale chini nilipokaa, paja la kushoto lilikuwa linacheza lenyewe, tik tik tik, kama kuna simu inatetema ndani. Nikalitazama, nikacheka peke yangu.

Sasa hivi ngazi tatu za mlangoni nazishuka kinyumenyume.

Wazoefu wa milima, mnashukaje? Na mzizi wenye maji mnauruka au mnauzunguka?