Inveta Iliyozibwa Masikio

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua kibanda changu Majengo. Kabla ya chai, kufuta vumbi mezani. Upepo wa Dodoma haupigi hodi.

Saa 2. Mama mmoja anashuka kwenye gari la Hombolo, inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, kaifunga kwenye kitenge.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, mama. Habari za Hombolo?"

"Nzuri, baba, ila samaki wangu wameoza."

Inveta ni ya volti 24, wati 3,000. Ilikuwa inajizima kila friza ikitaka kuwaka. Fundi wa kwanza akaitengeneza, ikakaa wiki mbili, ikafuka moshi.

Saa 3. Naifungua. Mosfeti, zile swichi za kielektroniki za kupitisha na kukata umeme, zimepasuka, hilo nililitegemea. Sikutegemea kukuta waya mnene wa shaba umechomelewa juu ya shanti. Chai ikapoa hapo hapo. Shanti ni kipande cha metali chenye ukinzani mdogo mno. Hapa vipo viwili vya miliomu moja moja, sambamba, jumla nusu miliomu. Umeme wote wa betri unapita humo, na chipu inayoongoza inveta inasoma milivolti kati ya ncha zake: ampea 100, milivolti 50. Zikizidi kiwango, inazima mosfeti kabla hazijaungua. Waya ule umeipa umeme njia ya mkato, chipu haisikii kitu. Friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na safari hii hakuna wa kusema basi.

Nang'oa waya, nachungulia kwa lenzi. Kumbe risasi ya kulehemu kwenye mguu wa shanti moja ina ufa! Umeme ulibaki na njia moja, ukinzani ukawa maradufu, chipu ikasoma ampea 60 kama 120. Tone la risasi tu lingemaliza kazi. Wenzetu wengine bwana.

Mpaka saa 7 nabadilisha mosfeti.

Saa 8. Kwanza naiwasha kwa saplai ya umeme ya mezani niliyoibana isizidi ampea 2. Kimya, salama. Kisha betri, na pasi ya wati 1,000. Volti zinashuka hadi 219, zinarudi 230: chipu imepima, imepanua mapigo ya kuwasha mosfeti. Klampu, mita ya kubana waya na kupima ampea, inasema ampea 46, shantini milivolti 23. Zinaafikiana.

Saa 10. Mama kaja, kalipa, kafunga kitenge chake. Kisha anaona ule waya mezani.

"Na huo nipe. Nilishaulipia."