Buti Zangu na Mto wa Wamonaki

Nilifika Rievaulx, kijiji kidogo cha Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, nikiwa na hasira, kwa kuwa basi liliishia mji wa Helmsley na kuniacha nitembee karibu maili 3 katika manyunyu. Nilikuwa nimejitolea kusaidia upimaji wa kiakiolojia wa viwanja vya abasia, yaani makao ya wamonaki (watawa wa kiume), iliyoanzishwa mwaka 1132 na kufungwa mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry VIII.

Siku mbili tulipima matuta yaliyofunikwa na nyasi. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba wamonaki waliuhamisha mto Rye ili wapate nafasi, na kwamba jua linapokaribia kuzama kivuli hufichua mahali mkondo wa kale ulipopita.

Siku ya tatu nilikabidhiwa magnetomita, chombo kinachohisi tofauti ndogo za usumaku udongoni, hata pale mtaro ulipofukiwa au tanuri lilipowashwa karne nyingi zilizopita. Nikaweka kando funguo, saa na mkanda, nikatembea asubuhi nzima kwa mwendo uleule, mstari baada ya mstari. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, ilikuwa na milia iliyonyooka kuliko ukuta wowote, nami nikajiona nimekwisha gundua karakana ya mabruda. Yule mama aliitazama kidogo, kisha akatazama miguu yangu. Buti nilizonunua kwa pauni 60, ambazo muuzaji alizisifu mno kwa uimara, zilikuwa na chuma puani, chini ya ngozi. Kumbe nilikuwa nimepima miguu yangu mwenyewe! Mchana nilirudia kazi yote katika viatu vya mpira vya kuazima vilivyonipwaya, na kikombe cha chai cha kujipasha moto kikanigharimu pauni 4.

Usiku ule niliwaza Gedi, magofu ya mji wa kale jirani na kwetu Malindi. Tangu utotoni nalijua kaburi lake lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, pamoja na jumba la mfalme na visima, kwa sababu vyote ni vya mawe. Ila wengi wa wakazi waliishi katika nyumba za udongo baina ya kuta mbili za mji, mahali ambapo sisi watoto tulipita mbio bila kugeuza shingo. Likizo ijayo nitapapita polepole, nikiwa nimevaa ndala.