Siku Moja Maishani Mwangu: Baba Mtarajiwa Katika Wiki ya 34

Saa 11:00 alfajiri

Mke wangu ameamka tena kwenda msalani, kwa kuwa mfuko wa uzazi umekua kiasi cha kukibana kibofu na usingizi wake sasa hukatika mara nyingi. Ninaamka naye, ninawasha taa, kisha anaporudi ninampangia mito upya: mmoja chini ya tumbo, mwingine katikati ya magoti, ili alale ubavu bila kuchoka. Tangu wiki ya 28 mjamzito hushauriwa aanze usingizi wake kwa ubavu, maana akilala chali uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto inaweza kupungua. Akijikuta chali usiku hana haja ya kuogopa. Anageuka tu na kuendelea kulala. Huyu ni mtoto wetu wa kwanza, na nimegundua kwamba kila jambo dogo ninalolielewa kwa sababu zake hunipunguzia hofu.

Saa 12:30 asubuhi

Ninaandaa kifungua kinywa na kumwekea mezani vidonge vyake vya kuongeza damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Tumezoea kuvitenga na chai na kahawa, kwani vinywaji hivyo huzuia mwili kuyafyonza vizuri madini hayo. Kwa muda mrefu vidonge hivyo vilimtibua tumbo, kwa hiyo mkunga alimshauri avimeze pamoja na chakula. Mimi sivimezi, lakini ninajua vimebaki vingapi.

Saa 2:30 asubuhi

Leo ni siku ya kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara 8 au zaidi kabla ya kujifungua, na mahudhurio hayo huongezeka kadiri siku zinavyokaribia. Nimeomba ruhusa kazini ili niingie naye chumbani badala ya kubaki kwenye benchi la nje. Naamini kwa dhati kwamba mwanamume anayesubiri nje hupata habari za mke wake zikiwa zimefupishwa, tena na mtu aliyechoka.

Mkunga anaanza na shinikizo la damu, kisha anapima mkojo kuangalia kama una protini. Nimejifunza kwa nini vipimo hivi viwili havirukwi hata mama akionekana mzima kabisa. Baada ya wiki ya 20 shinikizo linaweza kupanda hadi 140/90 au zaidi bila yeye kuhisi lolote, na likiambatana na protini kwenye mkojo huwa ni dalili ya hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ambacho ni hatari kwa mama na mtoto. Leo vipimo vyote ni vya kawaida. Kisha mkunga anachukua utepe na kupima kuanzia mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Kipindi hiki sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, na kipimo kinapoachana sana na wiki hizo uchunguzi zaidi hufanywa.

Halafu anatafuta moyo. Mapigo ya mtoto aliye tumboni huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, kasi ambayo kwa mtu mzima aliyekaa kitini ingetutia wasiwasi. Chumba kizima kinajaa mlio ule wa haraka, na kila ninapousikia koo langu hukaza. Mke wangu ana ushahidi wake mchana na usiku kwa sababu mtoto anacheza ndani ya mwili wake. Mimi ushahidi wangu ni huu, pamoja na mkono ninaouweka tumboni.

Kabla hatujaondoka ninamwomba mkunga arudie dalili za hatari, nami naziandika: kutokwa damu ukeni, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba ghafla uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza. Mke wangu anazijua, lakini mtu anayeumwa kichwa na kuona ukungu si mtu wa kuachiwa peke yake kazi ya kukumbuka orodha.

Saa 5:00 asubuhi

Nimefika kazini. Mimi ni mhasibu, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika ninachofanya kwa namna ambayo mwenzangu anaweza kukiendeleza hata nikiitwa katikati ya hesabu. Mimba huchukuliwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37, na wiki 40 zinazotajwa ni makadirio yanayohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku ya kuitwa haiwezi kupangwa kwenye kalenda ya ofisi.

Suala la likizo linanigusa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa mama, lakini hauweki kiwango chochote kwa baba. Kila nchi na kila mwajiri hujiamulia. Mama anayepona baada ya kujifungua huku akinyonyesha usiku kucha anahitaji mtu mzima mwingine ndani ya nyumba, na ninaona ni haki sheria ilitambue hitaji hilo waziwazi.

Saa 7:30 mchana

Ninampigia simu. Simuulizi tu hali yake. Ninamuuliza pia kama mtoto anacheza kama alivyozoea. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa watoto wote. Cha muhimu ni mama kuujua mwenendo wa mtoto wake, na ukipungua aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Anajibu kwamba amecheza sana baada ya chakula.

Saa 11:30 jioni

Nikitoka kazini ninapita kwa ndugu yangu kuthibitisha kwamba usafiri wake bado upo tayari, hata usiku wa manane, na kwamba yeye na wengine wawili wako tayari kutoa damu ikihitajika. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama duniani, na damu haitafutwi vizuri wakati mtu ameshachanganyikiwa.

Saa 2:00 usiku

Baada ya chakula tunazungumza kuhusu chumba cha kujifungulia. Anataka niwepo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu, na tafiti zimeonyesha kwamba mama anayeungwa mkono mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Tumekubaliana kuomba mambo matatu, hali ikiruhusu: kitovu kisifungwe kabla ya dakika 1 kupita, mtoto awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Akishindwa kuongea, nitayasema mimi.

Saa 4:00 usiku

Tumbo lake linakaza, linaachia, kisha linakaza tena. Ninatazama saa. Uchungu wa kweli hukaribiana, huongezeka nguvu na haukomi mama akibadilisha mkao. Huu wa leo unakuja bila mpangilio, na akisha kunywa maji na kugeuka ubavu unapungua. Ungeendelea kwa mpangilio tungeondoka mara moja, kwa sababu kabla ya wiki ya 37 huo ungekuwa dalili ya kujifungua mapema, na hilo halingojewi nyumbani.

Unakoma. Ninaandika saa ulipoanza na saa ulipoisha, kisha ninaongeza swali la kumuuliza mkunga kliniki ijayo: je, hospitali tuliyoichagua inamruhusu baba kubaki chumbani iwapo mama atalazimika kufanyiwa upasuaji?