Masale ya Mpakani

Mwaka niliosoma kipaimara, babu yangu alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri huko Machame, na kila Jumapili ndiye aliyepitisha kapu la sadaka upande wa akina mama. Sisi vijana tulikuwa tukikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na jioni babu alinisikiliza huku akichambua maharage. Tulipofika amri ya saba, Usiibe, nilimweleza maana yake kama tulivyofundishwa: kwamba tumche na kumpenda Mungu, tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusijipatie kwa hila, bali tumsaidie kuitunza. Kwa kawaida angeniambia niendelee na amri ya nane. Jioni ile aliniambia nirudie, nikarudia, naye akainuka akaenda kulala bila kula.

Ijumaa Kuu ilipofika, kanisa lilijaa hadi barazani. Tuliungama kwa pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, mchungaji akatangaza msamaha, na watu wakaanza kwenda mbele kupiga magoti ili wapokee Chakula cha Bwana. Babu hakuinuka. Bibi alimgusa bega, naye akatikisa kichwa, ikabidi bibi aende peke yake. Mzee wa kanisa akibaki kwenye benchi siku kama ile, hakuna asiyemwona.

Alasiri, mvua ya masika ilipokatika, aliniambia nichukue jembe nimfuate. Yeye alishika jani la isale. Kwetu Uchagani masale ndiyo hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na jani la mmea huohuo ndilo hushikwa na mtu anayekwenda kuomba radhi; aliyeletewa jani hilo halikatai hivi hivi, hata kama moyo wake unachemka. Tulimpitia balozi wa nyumba kumi na mwinjilisti, ambao hawakujua wanaitiwa nini, tukaingia kwa jirani yetu mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wetu. Babu alikataa kiti.

“Shemeji,” alisema, “ndugu yangu alipofariki niliyang'oa masale usiku nikayasogeza upande wako. Migomba na kahawa iliyopo pale ni yako. Nimekuja kurudisha mbele ya hawa.”

Mama yule hakulia wala hakupiga vigelegele, kama tunavyozoea kusikia kwenye shuhuda. Alilipokea jani, akaliweka mezani, akamtazama.

“Nilijua tangu asubuhi ya kwanza, udongo ulikuwa bado mbichi. Lakini kila Jumapili ulinijia na lile kapu, nami nikatia sadaka yangu mkononi mwako. Hilo limeniuma kuliko kahawa, shemeji.”

Babu hakuwa na la kujibu. Miaka ya baadaye niliposoma mlango wa kwanza wa Isaya, ambamo Bwana anasema amechoshwa na dhabihu na sikukuu za watu wake, kisha anawaagiza wamtetee mjane, sikuhitaji mhubiri wa kunifafanulia.

Kuyang'oa masale kulitutoa jasho, kwa maana yalikuwa yameshika mizizi kana kwamba yalipandwa pale tangu enzi za mababu. Mjane mwenyewe ndiye aliyeonyesha mpaka wa zamani, akichora mstari kwa kisigino katikati ya migomba, na mahali pamoja niliona kabisa kwamba amejiongezea hatua nzima. Nikafungua kinywa, lakini babu akaniashiria nichimbe. Kwa ajili ya kahawa aliyokuwa ameichuma na kuiuza misimu yote ile, alimpa mtamba.

Baraza la wazee lilipokutana, kwa jinsi bibi alivyonisimulia, baadhi yao walimlaumu, tena si kwa kuusogeza mpaka bali kwa kulitangaza jambo ambalo, kwa maoni yao, lingemalizwa nyumbani bila kulitia kanisa aibu. Mpaka leo sielewi ni aibu gani waliyoiogopa, ikiwa mjane alikuwa akiijua siku zote. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu makini, yeye aliuliza swali la haki: je, mzee alidhani kwamba msamaha hununuliwa kwa ng'ombe? Babu alijibu kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, kama Paulo alivyowaandikia Warumi, na kwamba hilo alilijua tangu ujana wake. “Mtamba ni wa shemeji,” alisema. “Si wa Mungu.” Kisha akauacha uzee wa kanisa na kuomba mwenyewe awekwe chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, akakaa benchi la nyuma hadi Pentekoste, siku aliporudishwa kundini na kupiga magoti mbele ya madhabahu, mjane yule akiwa katika safu hiyohiyo.

Baba mdogo hakuja katika ibada ile. Sehemu iliyorudishwa ndiyo aliyokuwa ameahidiwa ajenge, na hatimaye alijenga tambarare, kwenye joto na vumbi, kwa kiwanja alichonunua kwa fedha zake. Mgeni akimuuliza kwa nini aliteremka huko, alikuwa akimjibu kwamba baba yake alishika Ijumaa Kuu kupita kiasi.