Kisigino kwenye chaki

Juzi binti yangu kaniuliza eti "Mama, ni kweli zamani ulikuwa unapiga karate?" Najua ni mjomba wake kamropokea. Nikamjibu kidogo tu, akasema basi piga teke moja nione, nikamwambia hunioni nimevaa dera? Yakaishia hapo, ila usiku usingizi ukakataa.

Ilikuwa kabla ya mambo ya gesi, Mtwara bado imepoa. Jumamosi tunafanya mazoezi ufukweni Shangani, siku za kazi jioni tunapewa darasa kwenye shule moja, tunasukuma madawati ukutani na gunia linaning'inia kwenye kenchi. Gunia lenyewe ni lile la katani la korosho, ndani tumeshindilia vitambaa vya mafundi cherehani. Mama alikuwa hataki hata kusikia, mtoto wa kike kurusha miguu juu mbele za watu, ila hiyo habari ndefu tuiache.

Tatizo langu lilikuwa mawashi geri, lile teke la kuzungusha kutokea pembeni. Mguu unapanda vizuri tu, mapaja ninayo, nakimbia mchangani mpaka natapika, lakini nikipiga gunia linatoa puf, basi. Afu kuna vijana wembamba pale, ukiwapuliza wanaanguka, wakipiga wao gunia linakunjika.

Jioni moja sensei, yani mwalimu wetu wa karate, akanisimamisha, akachukua chaki ya mwalimu ubaoni akachora kuzunguka mguu wangu wa kushoto, ule unaobaki chini, yani kauchora wote mpaka vidole. Kisha akachora mshale.

"Binti, teke likifika, kisigino hiki kinatakiwa kiliangalie gunia. Chako kinaangalia mlango."

Akanikataza kupiga. Nishike nondo za dirisha, nipandishe goti, nizunguke juu ya unyayo wa mbele, nirudi. Polepole. Goti kwanza, nyonga ifuate, ugoko uje mwisho kabisa. Nilizunguka mpaka ile chaki ikafutika ikawa vumbi jeupe, na ngozi ya chini ya kidole gumba inawaka moto maana saruji haina huruma. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mguu wangu ulikuwa umegoma: kule ufukweni mguu unazama, hauzunguki, kwa hiyo mwili unazoea kurusha teke ukiwa umejichimbia, nyonga imefungwa, na goti ndo linabeba mzigo wote (na goti lilikuwa linauma kweli, nilidhani ni uzee umeniwahi).

Akasema haya, sasa piga, na usitumie nguvu.

Sikutumia. Nilifikiria kisigino tu, mguu wa juu ukajipeleka wenyewe kama mkia. PAAH! Vumbi likamwagika toka kwenye kenchi, dogo aliyekuwa ameshikilia gunia kwa nyuma akarudi mpaka kwenye madawati, wote wakageuka. Mi nimebaki na mguu hewani najishangaa.

"Rudisha mguu, binti. Hapo ushashikwa."

Hata hongera hakusema! Ila alikuwa sahihi bana, teke linaenda haraka na kurudi haraka zaidi, ukiliacha nje mwenzio anakubeba nalo. Kesho yake nilirudi kwa mbwembwe zote, nikapiga, puf. Ikaja tena wiki iliyofuata, ikapotea, mpaka ikakaa.

Halafu mambo yakaenda haraka, sensei akahamishwa kikazi, mi nikaolewa Lindi, gunia sijui nani alilichukua. Tulikuwa hatujauanza upande wa pili, yani kupiga kwa mguu wa kushoto, na huo mpaka leo unatoa puf. Juzijuzi nilijaribu jikoni watu wakiwa hawapo, nimeshika friji, na kisigino nilikigeuza kabisa, sasa sijui kilichobaki ni nini.